Jogoo Huelea, Tembe Huzama: Somo la Kuchagua Nzi wa Kuvulia Trauti

Najua kwamba wenzangu katika jarida hili wameandika kuhusu ngeli, methali na mashairi. Mimi nimeomba nafasi niandike kuhusu nzi. Tafadhali usicheke kwanza. Sisemi juu ya yule nzi wa jaani, wala wale wanaozunguka nyama pale sokoni. Nasema juu ya nzi wa bandia, ambaye hufungwa kwa mkono juu ya ndoana kwa uzi na manyoya, ili samaki amwone, adhani ni mdudu wa kweli, ammeze.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Somo hili lilianza kwa swali ambalo sikuweza kulijibu, na aliyeliuliza ni shangazi yangu.

MKEBE WA SHANGAZI

Shangazi, ambaye nyumbani tunamwita Senge, huishi Nairobi na kazi yake ni kufunga nzi. Kuna Wakenya wengi wanaofanya kazi hii, na nzi wao huuzwa Ulaya na Marekani. Mfungaji hukaa mezani, ndoana ikiwa imebanwa kwenye jiliwa ndogo, akazungusha uzi, manyoya na waya mwembamba hadi mdudu atokee. Senge hulipwa kwa dazeni.

Desemba alipokuja nyumbani kwa Krismasi, alikuwa na mkebe wa majani chai. Ndani hamkuwa na majani bali nzi wa rangi ya kahawia, dazeni 20, yaani nzi 240. Walikuwa wamerudishwa na hakulipwa hata senti. Nilipomuuliza kosa lilikuwa nini, alijibu, "Ati hawaelei." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nimefunga nzi miaka tisa. Huyo samaki anayewala sijamwona kwa macho yangu. Hata mdudu mwenyewe simjui. Mimi nafuata mfano ninaopewa, basi. Sasa nitajuaje mbona hawaelei?"

Maneno hayo yalinikaa rohoni, kwa sababu karo yangu ya muhula wa pili ilikuwa itoke kwa dazeni hizo. Nikamwambia, "Senge, niachie mkebe. Nitalitafuta jibu." Alicheka, lakini aliniachia.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilifanya kama wengi wangefanya. Nilichukua nzi wawili nikaenda nao mto Isiukhu. Nilikaa pale tangu saa nane hadi jua likazama, na hakuna samaki aliyenigusa. Kando yangu alikuwa kijana mdogo wa shule ya msingi mwenye ufito wa mti na nyungunyungu kwenye kopo. Yeye alienda nyumbani na kambare wawili. Nilirudi mikono mitupu, naye alinitazama kwa huruma!

Baadaye nilielewa. Kambare hupenda maji ya tope na hutembea chini. Hamtegemei sana jicho lake, bali sharubu zake ndizo humwambia wapi pana harufu na ladha ya chakula. Nyungunyungu ananuka. Unyoya haunuki. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: kabla ya kuchagua chambo, jua samaki wako hutafuta chakula kwa njia gani. Nzi bandia ni chambo cha samaki anayetumia macho, katika maji yanayoonekana ndani.

TRAUTI NI NANI?

Samaki huyo ni trauti. Si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1910 akaletwa trauti wa pili kutoka Afrika Kusini, yule mwenye mstari mwekundu ubavuni, anayeitwa trauti wa upinde wa mvua. Mwaka 1948 kituo cha kulea vifaranga vya trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Trauti anataka maji baridi, safi na yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi huanza kutaabika. Ndiyo sababu humpati hapa Kakamega, ambako tuko kama mita 1,500 tu juu ya usawa wa bahari na mto wetu ni wa vuguvugu. Yeye hukaa mito ya milimani: Aberdare, Mlima Kenya, Mlima Elgon na ile inayotoka msitu wa Mau.

Trauti hasumbuki kukimbizana na chakula. Husimama nyuma ya jiwe akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja mto umletee. Kitu kikipita ana nafasi ndogo ya kuamua: ni chakula au ni takataka? Na akishazoea kula mdudu wa aina moja siku hiyo, wengine huwaacha wapite. Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanzia.

WADUDU WA MTONI

Aprili, shule zilipofungwa, nilikwenda Kericho kwa baba mdogo anayefanya kazi katika mashamba ya chai. Jirani yake ni mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa akiwaongoza wavuvi katika mto Kiptiget. Baba mdogo alimwomba anifundishe, tukalipia leseni, na Mzee akakubali kwa sharti moja: nibebe daftari.

Kitu cha kwanza alichonifanyia kilinishangaza. Hakunipa fimbo. Alivua viatu, akaingia majini, akainua jiwe na kuligeuza. "Soma hapa," aliniambia. Nilidhani jiwe la kawaida, kumbe chini yake mlikuwa na mji mzima! Nitawataja wale niliowachora, kwa maneno yangu kwa kuwa wengine sijawapatia jina la Kiswahili.

Wa kwanza ni mdudu wa siku moja. Akiwa mchanga huishi chini ya mawe kwa miezi mingi, na mara nyingi ana mikia mitatu myembamba. Siku yake ikifika hupanda juu ya maji, huvua ngozi, akapata mabawa yanayosimama wima kama tanga la mashua. Mdudu mzima hana kinywa cha kulia. Huruka, huzaa, hufa, na wengi hawamalizi siku mbili.

Wa pili ni mjenzi. Huyu hujijengea nyumba ya mchanga au vijiti, akaibeba kama konokono. Akikua hupata mabawa yaliyolala juu ya mgongo kama paa la nyumba.

Wa tatu ni wale wadogo wanaofanana na mbu, ambao huruka makundi kwa makundi jioni.

Wa nne si wenyeji wa maji bali ni ajali. Ni panzi anayepeperushwa na upepo, siafu anayeteleza kwenye jani, na kumbikumbi, wale tunaowaita tsiswa kwetu. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakaruka, wengi huanguka mtoni, na samaki hula karamu kama sisi tunavyokula.

NZI BANDIA WA AINA TATU

Ukishawajua wadudu, mkebe wa nzi hauwi fumbo tena. Nzi wengi wataingia katika mafungu haya matatu.

(a) Nzi mkavu. Huyu huelea. Anaiga mdudu aliyekwisha kupata mabawa. Manyoya yake ya shingoni yamezungushwa ndoana yakasimama kama miiba, na ncha zake ndizo husimama juu ya maji. Mfano unaojulikana sana ni Adams, wa kijivu, aliyebuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922 na Leonard Halladay.

(b) Nzi wa chini, anayeitwa nimfu. Huyu huzama. Anaiga mdudu mchanga. Mwingereza Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon, alibuni mmoja kwa nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege na waya wa shaba. Waya huo ulifanya kazi mbili kwa pamoja, kufunga na kutia uzito. Kumbuka kwamba trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa hiyo nimfu ndiye mfanyakazi wa kila siku.

(c) Nzi mkubwa wa majini. Huyu haigi mdudu mmoja hasa. Ni kivuli cha kitu kinono, labda kisamaki, labda buu. Hapa kwetu kuna mmoja mweusi aitwaye Kenya Bug, yaani mdudu wa Kenya. Si fahari ndogo kwamba jina la nchi yetu limo katika mikebe ya wavuvi.

Jambo moja litakuchanganya kama lilivyonichanganya mimi: namba za ndoana. Katika ndoana hizi za nzi, namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo! Namba 10 ni kubwa kuliko namba 16. Ukimwambia mwenye duka akupe kubwa kwa kutaja namba kubwa, utapewa kijindoana kama ukucha wa mtoto.

SIKU MBILI KIPTIGET

Sasa nieleze jinsi tulivyochagua. Siku ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha mchana, kama kawaida ya Kericho, na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee alinipa ruhusa nichague mwenyewe. Nilichagua nzi mkavu mdogo wa kupendeza, kwa sababu alikuwa mzuri, basi. Nilirusha mpaka bega likauma. Mzee alikaa kimya, kisha akauliza, "Kijana, wewe ungekuwa samaki ndani ya maji haya, ungemwona huyo?" Nikasema hapana. "Na unaona mdudu yeyote akiruka?" Nikasema hapana. "Sasa mbona ulimchagua?" Sikuwa na la kusema.

Akafunga nzi mkubwa mweusi. Nikashangaa kwamba katika maji ya giza anatia kitu cheusi. Alinieleza kwamba samaki hutazama juu kuelekea kwenye mwanga wa anga, na kitu cheusi huonekana vizuri kama kivuli. Kabla ya giza alipata trauti mmoja. Mimi sikupata.

Siku ya pili asubuhi maji yalikuwa yametulia, na ungeweza kuhesabu mawe. Hakuna kitu kilichoruka. Tuligeuza mawe tena, tukawakuta wachanga wa mdudu wa siku moja, wembamba, rangi ya kahawia, urefu kama punje ya mchele. Tulitia nimfu wa kahawia namba 14. Samaki mmoja alivuta mshipi wangu nikachelewa kuinua fimbo, akaniaga.

Jioni jua liliposhuka, wadudu wa siku moja wakaanza kupanda. Juu ya maji palitokea viduara, kimoja hapa, kingine pale, kama matone ya mvua ya kwanza. Mzee alisema, "Haya, sasa." Nikafunga nzi mkavu wa kahawia namba 16, mwenye ukubwa na umbo la wale waliokuwa wakiruka. Nilimrusha juu ya kiduara, nikamwacha ateremke na maji bila kumvuta. Alipofika nyuma ya jiwe, alipotea. Nikainua fimbo. Alikuwapo!

Hakufika rula yangu ya sentimita 30. Alikuwa na madoa meusi na ule mstari mwekundu ubavuni. Nilitaka sana nimpeleke kwa Senge amwone, lakini Mzee alinikataza, kwa sababu alikuwa bado mdogo. Alinifundisha kulowesha mikono kabla ya kumshika, ili nisimkwangue ule ute unaomlinda. Nikamwachilia. Nilimtazama akirudi nyuma ya jiwe lake, roho ikiniuma na huku nikifurahi.

HATUA TANO ZA KUCHAGUA

Kutokana na siku hizo mbili niliandika hatua hizi daftarini:

1. Tazama maji kwanza. Yakiwa na tope, chagua kikubwa na cheusi. Yakiwa maangavu, chagua kidogo na chenye rangi ya wadudu wenyewe.

2. Tazama juu ya maji. Kuna viduara? Kuna mdudu anayeruka? Kama wapo, jaribu nzi mkavu. Kama hakuna, nenda chini na nimfu.

3. Geuza jiwe, umwone mdudu wa siku hiyo, kisha ulirudishe jiwe kama ulivyolikuta, maana ni nyumba ya wenyewe.

4. Linganisha kwa mpangilio huu: ukubwa kwanza, umbo la pili, rangi ya tatu. Sisi wageni huanza na rangi, na ndiyo maana hatupati.

5. Mwache nzi asafiri na maji. Mdudu aliyekufa hapandi mto. Nzi aliyechaguliwa vizuri lakini anayevutwa hovyo ni kazi bure.

Na usisahau sheria. Trauti huvuliwa kwa leseni, na mito yake ni ya fimbo na nzi bandia, si nyavu wala nyungunyungu.

JIBU LA SENGE

Usiku ule kabla ya kulala nilimwonyesha Mzee nzi mmoja kutoka mkebe wa Senge. Alimsogeza karibu na taa, akakwaruza manyoya kwa kucha. Akauliza neno moja tu: "Jogoo au jike?"

Nilipofika nyumbani nilimpigia Senge simu, nikamwuliza. Alifikiri, kisha akasema, "Ngoja. Manyoya ya jogoo yaliniishia katikati ya kazi. Nikaongeza ya tembe tuliyemchinja. Rangi ilikuwa ile ile kabisa!"

Hapo ndipo penye siri. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu, unang'aa, na haunywi maji haraka. Husimama. Unyoya wa tembe ni laini na hunywa maji. Kwa nzi mkavu ni hasara, ingawa kwa nzi wa kuzama ni mzuri, kwa sababu unachezacheza majini kama miguu ya mdudu aliye hai. Macho ya Senge yaliona rangi moja. Maji yaliona vitu viwili.

Mwezi wa Agosti alipokuja, tulifanya jaribio uani. Tulijaza karai maji, tukawatia nzi kutoka mkebe, tukawalowesha mara tatu. Baadhi walielea kama mitumbwi. Wengine walizama polepole hadi chini. Mama na majirani walisimama kututazama, wakidhani tumerukwa na akili. Tulihesabu: waliozama walikuwa 131, walioelea 109. Senge aliwatenga. Wale 109 alirudi nao Nairobi wakapokelewa. Wale 131 aliwakata manyoya kwa wembe, akabaki na ndoana zake akaanza upya.

Halafu nilimfungulia daftari, nikamwonyesha ule mchoro wa mdudu wa siku moja mwenye mabawa ya tanga. Aliutazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni huyu." Akachukua kalamu yangu, akasahihisha mkia, kwa sababu yeye amefunga mikia hiyo mara maelfu na mimi nimemwona mdudu jioni moja tu. Siku hizi hamalizi dazeni kabla ya kumtia mmoja ndani ya glasi ya maji.

MWISHO

Wenzangu, sisi watu wa Kakamega twajulikana kwa kupenda kuku. Tunakula nyama, tunagombania firigisi, na manyoya tunayatupa. Sasa mjue kwamba unyoya wa shingo ya jogoo unaweza kuvuka bahari ukamdanganya samaki wa Ulaya.

Maji ya Isiukhu huingia Nzoia, na maji ya Kiptiget hupitia mto Sondu, lakini yote huishia katika Ziwa Viktoria. Mmoja ni wa kambare na nyungunyungu, mwingine ni wa trauti na nzi, na swali kwa yote ni moja: aliye ndani ya maji haya anakula nini leo? Asiyeuliza swali hilo hupata jibu la mikono mitupu, kama nililolipata mimi mbele ya yule mtoto wa shule ya msingi. Kwake nasema, shikamoo mwalimu.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini nzi bandia hakufaa kumvua kambare katika mto Isiukhu?
2. Taja tofauti kati ya nzi mkavu na nimfu.
3. Kati ya ndoana namba 12 na namba 18, ipi ni ndogo?
4. Mvua imenyesha, maji yana tope na hakuna mdudu anayeruka. Utachagua nzi gani, na kwa nini?
5. Fanya jaribio la karai nyumbani kwenu kwa unyoya wa shingo ya jogoo na wa tembe. Andika uliyoyaona. (Tafadhali usimchinje jogoo wa jirani.)